Kishikizo, Biashara na Bei: Historia ya Lenzi Kongwe za Kulenga kwa Mkono na Matumizi Yake kwenye Kamera za Kidijitali, Singe, Mji wa Babati

1.0 Utangulizi

Singe ni mojawapo ya kata nane za Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Babati, shughuli za kijamii hapa hufuata kalenda ya shamba. Mahindi na maharage yakishavunwa, fedha huingia mikononi mwa watu, na miezi ya kiangazi hujaa harusi, vipaimara, ubarikio na mahafali ya shule. Kwa mpiga picha wa eneo hili hiyo ndiyo miezi ya kuvuna. Kifaa kinachomwangusha mwezi Agosti kimemwangusha kwa mwaka mzima.

Kifaa kinachoangusha mara nyingi si kamera bali lenzi. Kamera ya kidijitali ya bei ya chini, iliyonunuliwa ikiwa mpya au mtumba, kwa kawaida huja na lenzi ya kuvuta ambayo, ikivutwa hadi mwisho, tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au chini ya turubai baada ya magharibi, tundu hilo halitoshi. Picha hutoka na ukungu wa mtikisiko, au hujaa chengachenga, au mpiga picha hulazimika kuwasha mwako usoni mwa maharusi wakati wa kiapo. Lenzi ya zamani ya f/2, kama zile zilizouzwa pamoja na kamera za filamu katika miaka ya 1960 na 1970, hupitisha mwanga karibu mara nane ya ule wa f/5.6. Lenzi nyingi za aina hiyo bado zimo kabatini mwa wazee, zikiwa zimefungwa kwenye kamera ambazo filamu yake haipatikani tena madukani.

Swali la kihistoria linalojitokeza ni kwa nini kioo chenye uwezo huo kiwe cha bei nafuu. Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba kimechakaa au kimepitwa na wakati. Insha hii inapinga jibu hilo. Hoja yake ni kwamba bei ya lenzi kongwe haikupangwa na ubora wa kioo, bali na maamuzi ya viwanda kuhusu kishikizo, yaani namna lenzi inavyofungwa kwenye kamera. Na kwamba lenzi inayoweza kumfikia mtu wa Singe leo imefika kwa njia zilizochorwa na siasa na biashara ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Asiyeijua historia hiyo hununua jina lililoandikwa kwenye pete ya lenzi, na jina hilo ndilo linalopoteza fedha za watu.

2.0 Skrubu ya Milimita 42

Mwaka 1949, katika mji wa Dresden uliokuwa chini ya Wasovieti, ilitoka kamera ya Contax S iliyokuwa na kishikizo cha skrubu chenye kipenyo cha milimita 42. Kishikizo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama M42, hakikubaki kuwa mali ya kampuni moja. Praktica za Ujerumani Mashariki zilikitumia, Asahi Pentax ya Japani ikakichukua mwaka 1957, Zenit za Kisovieti zikafuata, na baadaye Yashica, Chinon, Fujica na Ricoh. Kwa takriban miaka ishirini na mitano, lenzi iliyochongwa Dresden iliweza kufungwa kwenye kamera ya Tokyo au ya Krasnogorsk bila kipande chochote cha kuunganishia. Ni nadra katika historia ya vifaa kuona Vita Baridi vikikubaliana juu ya skrubu.

Lenzi iliyosambaa kuliko zote za kundi hili ni Helios-44, ya urefu wa fokasi wa milimita 58 na tundu la f/2. Asili yake ni Biotar, mchoro wa Willy Merté wa kampuni ya Zeiss uliobuniwa miaka ya 1920. Baada ya vita, mwaka 1946, sehemu kubwa ya mitambo ya Zeiss iliyokuwa Jena iling'olewa na kupelekwa Muungano wa Kisovieti pamoja na baadhi ya wataalamu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kilikuwa kikitengeneza Helios kwa msingi wa mchoro huohuo. Zenit-E, iliyoanza kutoka mwaka 1965 na kuuzwa kwa mamilioni, ilibeba Helios hadi nchi nyingi zenye uhusiano na Moscow. Kwa hiyo lenzi inayodharauliwa leo kuwa ni ya Kirusi na ya bei ya chini ni mtoto wa halali wa mojawapo ya michoro bora ya Kijerumani ya kabla ya vita.

Umoja huo wa skrubu ulivunjwa na soko. Kufunga lenzi kwa kuizungusha mara kadhaa kulichelewesha kazi, na viwanda vilitaka kishikizo kinachoweza kupeleka taarifa za tundu la mwanga kwenye kamera. Mwaka 1975 Pentax iliiacha M42 na kuanza kishikizo chake cha K. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera yake ya 7000 inayolenga yenyewe, ikaacha lenzi zake zote za mkono. Miaka miwili baadaye Canon ilifanya vivyo hivyo: mfumo wa FD, ulioanza mwaka 1971, ulikatwa ghafla na nafasi yake kuchukuliwa na EF. Nikon peke yake, kati ya wakubwa, ilibaki na umbo la kishikizo chake cha mwaka 1959.

Matokeo yake kwa bei yalikuwa ya moja kwa moja. Lenzi za Minolta na Canon FD zilikuwa yatima kwa zaidi ya miaka ishirini. Kamera mpya za kuzibeba zilizidi kuadimika, na kamera za zamani zilizidi kuharibika. Lenzi za Nikon za miaka hiyohiyo, ambazo kwa kioo hazikuwa bora kuliko za Minolta kwa kiwango cha kutajika, zilidumisha thamani kwa sababu tu zilikuwa na mahali pa kufungwa.

3.0 Njia za Kufika Tanzania

Upigaji picha katika Tanzania ya leo ulianza pwani. Studio za Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa familia za Kigoa na Kihindi. Capital Art Studio, iliyoanzishwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, ndiyo inayojulikana zaidi, kwa kuwa iliendelea chini ya mwanawe Rohit na hazina yake ya picha imevuta macho ya watafiti. Studio za aina hii zilitumia kamera kubwa za meza, na wateja waliziendea. Kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 yenye lenzi ya kubadilishwa, inayobebwa shingoni na kuwafuata wateja walipo, ni ya kizazi cha baadaye, na kizazi hicho kiliangukia katika mabadiliko makubwa ya biashara.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya kidiplomasia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo barani Afrika, na mafundi wa nchi hiyo wakaja kujenga nyumba za maghorofa visiwani. Suala hilo liliufuata Muungano. Ujerumani Magharibi ilipinga kuwepo kwa wawakilishi wa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1965 mgogoro huo uliigharimu Tanzania misaada ya Bonn. Wakati huohuo wanafunzi wa Kitanzania walikuwa wakienda Moscow, Leipzig na Prague kwa masomo. Praktica na Zenit, ambazo huko ziliuzwa kwa bei ya watu wa kawaida, hazikuwa bidhaa ngeni kwa kizazi hicho, wala kwa wataalamu wa nchi hizo waliokuja kufanya kazi nchini. Lenzi za M42 zina nafasi ya pekee kwa sababu hiyo: njia yake haikutegemea duka peke yake, bali pia sanduku la msafiri.

Mabadiliko ya pili yalikuwa ya ndani. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na Shirika la Biashara la Taifa likakabidhiwa jukumu hilo. Baadaye shirika hilo liligawanywa, na makampuni ya biashara ya mikoa, RTC kama watu walivyoyaita, yakachukua usambazaji. Katika orodha ya mahitaji ya taifa changa, baina ya sukari, kanga, majembe na dawa, lenzi ya kamera haikuwa na nafasi ya kudai fedha za kigeni. Kutaifishwa kwa majengo mwezi Aprili 1971 kuliongeza pigo jingine. Familia nyingi za Kiasia ziliondoka nchini, na pamoja nazo ukaondoka ujuzi wa studio, mawasiliano na wauzaji wa nje, na bila shaka baadhi ya vifaa vyenyewe.

Hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zilipungua mno, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulifanya hata kumiliki bidhaa ya nje dukani kuwa jambo la kuhojiwa. Hapa ndipo historia ya lenzi inapogusa maisha ya kawaida. Kamera iliyokwisha kuingia nchini haikuwa na mbadala, kwa hiyo ilitunzwa, ilitengenezwa na kurithishwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na katika kipindi chote hicho picha ya ukutani na ya kwenye albamu ndiyo iliyokuwa kioo cha familia. Lenzi kadhaa ambazo leo zinatolewa kabatini zikiwa hai zina deni kwa uhaba huo. Nchi ambazo kamera mpya ilinunuliwa kila mwaka zilizitupa za kwao.

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza kamba kwa kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, katika awamu ya Rais Ali Hassan Mwinyi, yalifungua mlango zaidi, na neno "ruksa" likawa jina la zama. Safari za wafanyabiashara kwenda Dubai ziliongezeka katika miaka ya 1990. Bidhaa za mitumba zilimiminika, na pamoja nazo kamera za Kijapani za filamu: Pentax K1000, Yashica, Minolta, Canon za FD. Heike Behrend, aliyewachunguza wapiga picha wa Likoni, Mombasa, ameeleza jinsi kamera ndogo na maabara za rangi zilivyowatoa wapiga picha studioni na kuwapeleka barabarani na kwenye vivuko. Jambo kama hilo lilitokea pia upande wa Tanzania. Mpiga picha wa mtaani alipiga leo, akapeleka filamu mjini kusafishwa, akarudi na picha baada ya siku kadhaa kudai malipo yaliyosalia. Mtu wa Babati alilazimika kuutazama Arusha kama mji wake mkubwa, mwendo wa takriban kilomita 170, na hadi mwaka 2002 ndiko kulikokuwa pia makao makuu ya mkoa wake.

Kwa ufupi huo kuna matabaka mawili ya lenzi kongwe katika mazingira ya Tanzania. Tabaka la kwanza ni la ujamaa na masomo ya Mashariki, nalo limejaa M42. La pili ni la ruksa na mitumba, nalo ni mchanganyiko wa vishikizo vya Kijapani, vingi vikiwa vimekwisha kuachwa na waliovitengeneza kabla havijatua bandarini. Mnunuzi anayekabidhiwa lenzi bila maelezo anaweza kulitambua tabaka lake kwa kuangalia mgongo wake: skrubu, au meno matatu ya kuzungusha.

4.0 Umbali Usioandikwa Kwenye Pete

Kila mfumo wa kamera una umbali uliowekwa kati ya uso wa kishikizo na filamu, au na kihisi kwa kamera za leo. Umbali huo hauandikwi kwenye lenzi, wala muuzaji hautaji, lakini ndio unaoamua kila kitu. Kwa M42 na kwa Pentax K ni milimita 45.46. Kwa Nikon F ni 46.5, kwa Olympus OM ni 46, kwa Minolta ya mkono ni 43.5, kwa Canon FD ni 42, na kwa Canon EF, inayotumika kwenye kamera za kidijitali za Canon zenye kioo, ni 44.

Kanuni yake ni nyepesi. Lenzi yenye umbali mrefu inaweza kuwekwa kwenye kamera yenye umbali mfupi kwa kujaza pengo kwa pete ya chuma, yaani adapta. Kinyume chake hakiwezekani bila kupoteza uwezo wa kulenga vitu vya mbali, au bila kuongeza kipande cha kioo ambacho huharibu picha. Hivyo kamera ya Canon EF hupokea M42, Pentax K, Olympus na hata Nikon. Haipokei Canon FD. Lenzi ya Canon ya mwaka 1980 haiifai kamera ya Canon ya mwaka 2010, ilhali lenzi ya hasimu wake Nikon inaifaa. Mpiga picha anayenunua FD kwa kuamini kwamba jina ni moja anapata kitu kinachoona mita chache mbele yake na kuishia hapo. Kwa mtu mwenye msimu mmoja wa harusi, kosa hilo ni mapato ya sherehe nzima.

Wenye Nikon za kidijitali wako katika hali tofauti. Umbali wao mrefu huwazuia karibu na lenzi zote za wengine. M42 ikifungwa bila kioo cha kusahihisha hupoteza umbali. Wanachobaki nacho ni lenzi za Nikon zenyewe za mkono, ambazo hufungika, ingawa kamera za daraja la chini, kama zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazipimi mwanga zikiwa na lenzi hizo. Mpiga picha hupiga, hutazama kioo cha nyuma, hurekebisha. Si kazi ngumu, lakini bibi harusi anayeingia mlangoni hangoji.

Mwaka 2008 hesabu yote iligeuka. Panasonic ilitoa G1, kamera ya kwanza ya lenzi za kubadilishwa iliyoondoa kioo cha ndani katika mfumo wa Micro Four Thirds, na umbali ukashuka hadi milimita 19.25. Sony ilifuata mwaka 2010 kwa kamera za NEX zenye umbali wa milimita 18, na mwaka 2013 ikatoa A7, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Canon na Nikon zilikuja na mifumo yao isiyo na kioo yenye kihisi cha ukubwa huohuo mwaka 2018, ya milimita 20 na 16. Ghafla kila lenzi ya karne iliyopita, yatima na isiyo yatima, ilikuwa na nyumba. Vioo vya Canon FD na Minolta havikubadilika hata chembe kati ya mwaka 2007 na mwaka 2014. Kilichobadilika ni milimita chache za hewa nyuma yake, na bei ikapanda. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba unafuu wa awali haukuhusu ubora.

Unafuu ulitegemea pia mitindo. Helios-44 ilipata umaarufu mpya kwa sababu majani nyuma ya mtu huonekana kana kwamba yanazunguka. Wabunifu wa zamani waliihesabu tabia hiyo kuwa kasoro waliyoshindwa kuiondoa kingoni mwa picha. Zaidi ya hayo, kihisi kidogo cha kamera nyingi za bei ya chini hukata kingo hizo, kwa hiyo anayeinunua kwa ajili ya mzunguko hupata lenzi nzuri ya sura za watu bila mzunguko wenyewe.

5.0 Uchaguzi katika Mazingira ya Singe

Historia hii inaifanya kamera aliyonayo mtu kuwa mwanzo wa uchaguzi. Mwenye Canon yenye kioo na kihisi kidogo atatazama kwanza M42. Helios-44-2 ya milimita 58 huona kwenye kamera hiyo kama lenzi ya milimita 93, urefu ufaao kwa uso na mabega. Tundu lake hufungwa kwa pete ya mkono, bila kipini cha nyuma, kwa hiyo adapta ya kawaida inatosha. Lenzi nyingine za M42, zikiwemo baadhi ya Pentacon za milimita 50 za f/1.8, zina kipini kinachopaswa kubonyezwa ili tundu lifunge. Hizo zinahitaji adapta yenye ukingo wa ndani, vinginevyo hubaki wazi daima. Kwa Canon yenye kihisi kikubwa kuna hatari ya kioo cha ndani kugonga mgongo wa lenzi, na ni busara kujaribu kwanza ikiwa imelengwa mbali.

Hata hivyo, haki inadai pingamizi moja lisikizwe. Canon imekuwa ikiuza lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 inayolenga yenyewe, iliyo miongoni mwa lenzi zake za bei ya chini kabisa, na lenzi hiyo hulenga kwa haraka ambayo mkono hauwezi kuifikia kanisani. Vioo vya kuangalilia vya kamera za leo vimetengenezwa kwa lenzi zisizo na tundu kubwa. Havionyeshi sawasawa ukali wa f/2, wala havina ule mstari wa katikati uliogawanyika wa kamera za filamu. Kulenga kwa mkono kupitia kioo hicho ni kubahatisha. Njia ya kuaminika ni kukuza picha kwenye skrini ya nyuma, na hiyo inahitaji mtu aliyetulia. Ikiwa mpiga picha wa Singe hana lenzi kongwe yoyote na anapaswa kununua milimita 50 kwa fedha taslimu, sababu ya kuchagua ya mwaka 1975 badala ya mpya ni dhaifu kuliko wapenzi wa lenzi hizo wanavyokiri.

Sababu hiyo inapata nguvu katika hali tatu. Ya kwanza ni pale lenzi ipo tayari nyumbani na gharama ni ya adapta tu. Ya pili ni kwa mwenye kamera isiyo na kioo, kwa kuwa skrini yake huchora kwa rangi kingo zilizo kali, na lenzi za chapa ya kamera hizo bado ni ghali. Ya tatu, ambayo huenda ndiyo yenye faida zaidi, ni lenzi ya milimita 135 ya f/2.8 au f/3.5. Viwanda vya miaka ya 1970 vilitengeneza urefu huu kwa wingi mno, na mahitaji yake leo ni madogo. Kutoka viti vya nyuma, wakati wazazi wanapokabidhi zawadi au mwanafunzi anapopokea cheti, hufanya kazi ambayo lenzi mpya ya urefu huo ingefanya kwa gharama kubwa. Haina kizuia mtikisiko, hivyo mwendo wa shata usishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Kwa video ya sherehe pete ndefu ya kulengea ni faida tupu, kwani husogea taratibu na bila mlio.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwezi Aprili 2018, imeifanya Kariakoo kuwa karibu zaidi na Manyara kuliko ilivyokuwa kwa kizazi cha RTC. Lakini lenzi inayotoka pwani huja na historia ya hewa ya pwani. Unyevu wa Zanzibar na Dar es Salaam hulisha kuvu ambao huota kati ya vioo kama utando wa buibui na hatimaye hula utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo. Babati, iliyo juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari na yenye kiangazi kirefu, huuzuia kuvu kuenea, lakini huleta vumbi linaloingia kwenye nyuzi za pete na kukausha grisi. Lenzi ya zamani iliyokaa Babati muda wote, kwa hiyo, huwa na pete ngumu na kioo safi; ya pwani huwa laini mkononi na chafu ndani. Iliyo ngumu ndiyo ya kuchukua. Fundi saa mwenye bisibisi ndogo na uvumilivu anaweza kubadilisha grisi, ilhali kioo kilicholiwa hakirudishwi na fundi yeyote. Uchunguzi wenyewe ni wa dakika moja: tundu lifunguliwe lote, tochi ya simu imulikwe kutoka nyuma, na jicho litazame kwa mshazari kutoka mbele. Desturi ya kuhifadhi lenzi ndani ya mchele mkavu haifai sana, kwani mchele huacha unga.

Si kila doa ni kuvu. Baadhi ya lenzi za Pentax, zikiwemo Takumar za milimita 50 za f/1.4 za toleo la vioo saba, zilichanganywa na madini ya thoriamu ili kuboresha upindaji wa mwanga. Baada ya miongo kadhaa vioo hivyo hugeuka rangi ya chai, na wauzaji wengi huziuza kwa hasara wakidhani zimeharibika. Mionzi yake ni midogo kwa matumizi ya kawaida, mradi kioo kisisagwe wala kuvunjwa. Rangi hiyo huondolewa na miale ya jua: lenzi huwekwa dirishani kwa siku au majuma kadhaa, mfuniko wa nyuma ukiwa umeondolewa na karatasi ya foili ikiwa chini yake, na kugeuzwa mara kwa mara ili isiunguze kilicho karibu. Kiangazi cha Babati, kuanzia Juni hadi Oktoba, kina jua la kutosha kwa kazi hiyo.